Saa ya Kutia Ufunguo Iliyosimama: Kuifungua, Kuiosha na Kuitia Mafuta Upya

Saa iliyojaribiwa nyumbani kabla ya kupelekwa kwa fundi hujulikana mara tu mfuniko wa nyuma unapofunguka. Vichwa vya skrubu vimechubuka, mafuta ya cherehani yametapakaa hadi kwenye mishale, na springi nyembamba ya mizani imevurugika. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi hakukuwa na kilichovunjika. Saa ilikuwa imekauka tu.

Mafuta ya saa hukauka au kugeuka gundi hata kama saa imekaa kabatini bila kuvaliwa. Vumbi huingia, hunata kwenye gundi hiyo, na nguvu ya kamani, ile springi inayoendesha saa, haifiki tena inakotakiwa kufika. Dawa yake ni kufungua kila kipande, kuosha, kukausha, na kurudisha mafuta kidogo mno mahali panapostahili. Anayedondoshea mafuta saa isiyooshwa huiona ikitembea siku chache, akadhani amefaulu. Kumbe amegeuza uchafu mkavu kuwa tope, na tope lenye vumbi husaga vyuma hadi vinalika.

Ile kauli ya kwamba saa "imetiwa ufunguo ikapitiliza" tuiweke kando. Kamani ikijaa hukataa kuzungushwa zaidi, basi. Saa iliyojaa na bado haitembei ina tatizo mbele ya kamani, na huko ndiko tunakokwenda.

## Saa ya kuanzia

Mwongozo huu ni wa saa ya mkono ya kutia ufunguo, isiyo na tarehe, kama zile za Uswisi za vito 17 za miaka ya 1950 hadi 1970.

Usianze na Seiko 5. Najua ndiyo iliyo kwenye droo za nyumba nyingi, lakini mashine yake ya 7009, na 7S26 iliyokuja baadaye, hujijaza kwa mtikisiko wa mkono na haikubali kutiwa ufunguo kwa kichwa cha pembeni. Juu ya hayo ina sahani za siku na tarehe, na vipande vidogo vinavyopenda kuruka.

Usianze pia na saa ya marehemu babu. Mwombe fundi saa akuuzie mashine mbovu aliyonayo kwenye kopo la vipuri, ujifunzie mkono. Ukipata Unitas 6498, mashine kubwa ya milimita 36.6 iliyotengenezwa kwa saa za mfukoni, umepata mwalimu mzuri: kila kitu kinaonekana na skrubu zake hazikutesi.

## Majina tutakayotumia

Ndani ya saa kuna pipa lenye kamani, ile springi ndefu inayohifadhi nguvu. Pipa husukuma magurudumu matatu yanayofuatana, yanayoitwa la katikati, la tatu na la nne, na la mwisho kati yao husukuma gurudumu la kuachia, lenye meno yaliyopinda. Gurudumu hilo huzuiwa na kuachiwa jino baada ya jino na uma mdogo wenye vito viwili. Uma nao huongozwa na mizani, gurudumu linalokwenda na kurudi kwa msaada wa springi nyembamba iliyojiviringa, ambayo nitaiita springi ya mizani.

Magurudumu hukaa kwenye bamba kuu, yakishikwa kwa juu na madaraja. Ncha za mihimili yake huzunguka ndani ya vito vya yakuti ya kiwandani. Vito havina thamani ya sonara. Vipo kwa sababu ni vigumu, laini, na haviliki haraka.

## Vifaa

- Bisibisi za saa za upana wa milimita 0.8, 1.0, 1.2, 1.4 na 1.6. Ncha ijaze mfereji wa skrubu wote. Bisibisi nyembamba kuliko mfereji ndiyo inayochubua.
- Vibano viwili vyenye ncha kali, visivyoshika sumaku.
- Lenzi ya jicho: moja ya kukuza mara 4 au 5 kwa kazi ya kawaida, na ya mara 10 kwa kukagua vito.
- Kishikio cha mashine, na vinyanyulio viwili vya mishale.
- Pampu ya mpira ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yana unyevu na unyevu huleta kutu.
- Vifuniko vya mpira vya vidole. Jasho la kidole huacha alama kwenye shaba ambayo baada ya miezi haifutiki.
- Vijiti vya meno vya mti, na donge la Rodico la kunyofolea uchafu.
- Mitungi mitatu midogo ya kioo yenye vifuniko.
- Petroli safi ya viberiti vya Zippo au Ronsonol, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99.
- Mafuta ya saa. Kwa kampuni ya Moebius: 9010 kwa ncha zinazokwenda kasi, D5 kwa sehemu nzito za polepole, 9415 kwa vito vya uma, na 8200 kwa kamani.
- Sindano ya kutilia mafuta ya saa.
- Trei ya barafu yenye vyumba, na simu ya kupigia picha.

Bajeti ikibana, punguza kwenye trei na kishikio. Usipunguze kwenye bisibisi na mafuta.

Usitumie mafuta ya cherehani, ya nazi, wala WD-40. Yote hutambaa, hayatulii pale ulipoyaweka. Mafuta ya saa hutengenezwa ili tone libaki ndani ya kito miaka kadhaa. Petroli ya gari ina viongezwa vinavyobaki kwenye chuma, na mafuta ya taa huacha utando. Ndiyo maana saa "iliyooshwa" kwa mafuta ya taa hugoma tena mapema.

Onyo la afya. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 na zenye namba au mishale ya kung'aa gizani zilipakwa rangi yenye radiamu. Rangi hiyo huweza kuwa imeacha kung'aa zamani, lakini mionzi bado ipo, kwani nusu-uhai wa radiamu-226 ni miaka 1,600 hivi. Ukiona rangi ya kahawia au ya njano iliyopasuka na kumeguka kwenye namba, usiikwangue, usiipulize, na usifanyie kazi saa hiyo mezani mnapolia chakula. Mpelekee mwenye vifaa.

## Hatua ya 1: Tayarisha meza

Zima feni. Najua joto la Dar au Mombasa halina huruma, lakini skrubu ya uma ni ndogo kiasi cha kupeperushwa, na hutaiona tena. Funga dirisha la upande wa upepo.

Tandika karatasi nyeupe mezani. Funga shuka jeupe au aproni kiunoni, kisha bandika ncha yake ya pili ukingoni mwa meza. Kitakachoanguka kitaangukia mapajani badala ya sakafuni. Zoezi hili peke yake huokoa vipuri vingi kuliko ustadi wa vidole.

## Hatua ya 2: Isikilize na uipime ikiwa imefungwa

Zungusha kichwa taratibu. Kama kinazunguka bila ukinzani wowote na bila mwisho, kamani imekatika au imeteleza, au kilimi cha kuizuia isirudi nyuma kimeharibika. Kama hakizunguki kabisa, kamani imejaa na mbele kumekwama.

Vuta kichwa, usogeze mishale. Ikiwa migumu sana, au milegevu kiasi cha kuanguka yenyewe, andika. Tikisa saa kidogo. Ikitembea sekunde chache ikasimama, furahi: hiyo ndiyo tabia ya saa iliyokauka.

Sogeza saa karibu na dira. Sindano ikicheza, saa imeshika sumaku na itahitaji kuondolewa kwa kifaa chake. Redio, spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku ndio wachawi wa kawaida.

## Hatua ya 3: Fungua mfuniko

Vua mkanda kwanza. Mfuniko wa kubana una mwanya mdogo pembeni. Ingiza kisu cha saa hapo na upindue bila kusukuma, maana kisu kikiteleza kitapita juu ya mizani. Mfuniko wa kuzungusha wenye vishimo hufunguliwa kwa spana yake. Ukiwa umelegea kidogo, mpira mgumu unaokandamizwa kwa kiganja hutosha.

Ndani ya mfuniko unaweza kukuta namba na herufi zilizokwaruzwa kwa sindano. Ni alama za mafundi waliotangulia. Zipige picha, mara nyingine kuna tarehe, na utajua saa imekaa miaka mingapi bila kuoshwa.

Piga picha ya mashine kutoka juu. Utapiga nyingine kila unapotoa kipande, bila kuruka hata kimoja.

## Hatua ya 4: Achia nguvu ya kamani

Hapa ndipo wengi wanapoiua saa. Kamani iliyojaa ikiachiwa ghafla, magurudumu huzunguka kwa kasi ya ajabu, meno hukatika na ncha hupinda. Ukifungua uma au daraja wakati nguvu bado imo, hiyo ndiyo kazi uliyofanya.

Tafuta gurudumu kubwa lililo juu ya pipa, na kando yake kilimi kinachoingia kwenye meno yake. Shika kichwa cha pembeni kwa vidole viwili na ukizungushe kidogo, kama unayetia ufunguo, ili kilimi kipumzike. Kwa mkono wa pili, kisogeze kilimi kando kwa kijiti cha mti na ukishikilie hapo. Sasa legeza vidole polepole, kichwa kirudi nyuma kikiteleza kati ya vidole. Usikiachie.

Kichwa kikiacha kurudi, nguvu imekwisha. Rudia mara moja zaidi kwa uhakika.

## Hatua ya 5: Toa mashine kwenye kasha

Kichwa cha pembeni kimeunganishwa na ufito unaoingia ndani ya mashine. Karibu na ufito kuna skrubu ndogo, au kitufe cha kubonyeza.

Ikiwa ni skrubu, ilegeze mzunguko mmoja au miwili tu, kisha vuta ufito taratibu. Ukiifungua yote, kipande inachokishika huangukia upande wa uso wa saa, na ufito hautarudi mpaka uondoe uso. Kosa hili ni maarufu kiasi kwamba fundi hulitambua kwa kukutazama usoni.

Legeza skrubu za pembeni zinazoshika mashine kwenye kasha, geuza, na mashine itoke. Rudisha ufito mahali pake, bado unauhitaji.

Ukiona ufito una kutu, usishangae. Saa za Tanga, Zanzibar, Lamu na mwambao wote huanza kuoza hapo, kwani jasho na hewa ya chumvi huingilia kwenye tundu la kichwa.

## Hatua ya 6: Mishale na uso

Panga mishale ya saa na dakika ilaliane. Funika uso kwa kipande cha mfuko wa plastiki chenye mkato, kisha ingiza vinyanyulio viwili chini ya mishale, kimoja kila upande, na uinyanyue kwa pamoja. Ukinyanyua upande mmoja utapinda mhimili.

Legeza skrubu mbili za ubavuni mwa bamba kuu, toa uso, kisha kaza skrubu hizo tena zisipotee. Weka uso mbali, ukitazama juu, chini ya bilauri iliyopinduliwa.

Usiuoshe. Maandishi ya uso hushikiliwa na vanishi nyembamba sana. Maji, spiriti, hata kitambaa chenye unyevu huweza kuondoa jina la saa kwa mfuto mmoja. Uso wenye madoa ya umri una thamani kuliko uso mtupu.

## Hatua ya 7: Toa mizani

Pumua kwanza. Kila kitu kingine ndani ya saa kina namna ya kunyooshwa, ila springi ya mizani ikivurugika huenda ikawa ndio mwisho wa safari kwa anayejifunza.

Fungua skrubu moja ya daraja la mizani. Tia ncha ya bisibisi kwenye mwanya mdogo chini ya daraja, lipande kidogo. Lishike kwa kibano na ulinyanyue wima. Mizani itaning'inia kwenye springi yake. Usiiache ining'inie. Igeuze mara moja uilaze, daraja likiwa chini na mizani juu yake.

Tazama springi kwa lenzi. Mizunguko yake iwe na nafasi sawasawa na ilale kwenye usawa mmoja. Ikiwa mizunguko miwili imegandana, kuna mafuta au sumaku, na saa ilikuwa ikikimbia mbele.

## Hatua ya 8: Uma, magurudumu, pipa

Kabla ya kugusa daraja la uma, sukuma uma kidogo kwa kijiti. Ukiruka kwa nguvu kwenda upande wa pili, kamani bado ina nguvu: rudi hatua ya 4. Ukilala popote unapouweka, endelea.

Toa daraja la uma na uma wenyewe. Kisha gurudumu kubwa la juu ya pipa na jirani yake linalosukumwa na ufito. Angalia: skrubu ya gurudumu hilo la pili katika saa nyingi hufunguka kinyume, kwa kuzungushia kulia. Watengenezaji wengi huitia alama ya mifereji mitatu badala ya mmoja. Ikigoma, jaribu upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu. Skrubu ya saa hukatika bila kutoa sauti.

Fungua madaraja. Kila daraja lina mwanya wa kupandia. Pandisha pande zote kidogo kidogo hadi litoke. Yatazame magurudumu yalivyokaa, yapi juu na yapi chini, upige picha ya karibu.

Geuza upande wa uso. Kibomba kinachobeba mshale wa dakika hutoka kwa kuvutwa wima. Sehemu za kubadilishia majira zina springi moja inayopenda kuruka, hivyo ikandamize kwa kijiti unapofungua kifuniko chake.

Weka skrubu za kila sehemu katika chumba chake cha trei. Skrubu za saa hufanana kwa macho na kutofautiana kwa urefu, na ndefu ikiingia pa fupi hugusa gurudumu lililo chini yake. Ukikuta saa iliyofungwa vizuri lakini inasimama, shuku hilo.

## Hatua ya 9: Osha

Mtungi wa kwanza na wa pili uwe na petroli ya kiberiti, wa tatu alkoholi. Fanya kazi hii mbali na jiko, mshumaa na sigara, mlango ukiwa wazi. Mvuke wa petroli hii hushika moto kutoka mbali.

1. Tia bamba, madaraja, magurudumu na skrubu kwenye mtungi wa kwanza, dakika 10 hivi, ukitikisa taratibu.
2. Chonga kijiti cha meno kiwe chembamba na ukizungushe ndani ya kila tundu la kito, pande zote mbili. Kikitoka na weusi, chonga upya na urudie hadi kitoke cheupe. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kuloweka peke yake hakuondoi gundi ya miaka 40.
3. Piga mswaki laini meno ya magurudumu na vijino vya mihimili.
4. Suuza kwenye mtungi wa pili, halafu wa tatu.
5. Puliza kwa pampu na ukaushe juu ya karatasi isiyotoa nyuzi.

Uma na mizani visiingie kwenye alkoholi. Vito vyake vimebandikwa kwa sheliki, na alkoholi huyeyusha sheliki. Kito kikitoka kwenye uma, huwezi kukirudisha kwa gundi ya dukani. Vichovye kwenye petroli safi sekunde chache, vikauke vyenyewe.

Kwenye daraja la mizani na chini yake kuna kito kilichofunikwa na springi ndogo ya rangi ya dhahabu. Huo ni mfumo wa kuzuia mshtuko, na katika saa nyingi za Uswisi huitwa Incabloc. Fungua springi hiyo bila kuitoa kwenye bawaba yake, toa vito viwili, vioshe pia.

Mafanikio yanaonekanaje? Vito vinang'aa vyekundu bila pete nyeusi, na hakuna alama ya kidole popote. Ukiona ncha ya gurudumu ina mfereji uliolika, kipuri hicho kimekwisha. Kitafute kwenye mashine nyingine ya namba ileile iliyochapwa kwenye bamba.

## Hatua ya 10: Kamani

Fungua kifuniko cha pipa na utoe kamani ukianzia katikati, ukiifunika kwa vidole isiruke. Ilaze mezani. Kamani nzima hufunguka ikajipinda umbo la S au kutanuka sana. Ikibaki imejikunja karibu na ukubwa wa pipa, imechoka. Ibadilishe.

Ukinunua mpya, pima upana, unene, urefu na kipenyo cha pipa. Mpya huja ndani ya pete: unaiweka juu ya pipa na kuisukuma iingie. Ya zamani irudishwe kwa kifaa cha kukunjia. Wanaoirudisha kwa vidole huipinda isilale sawa, nayo hukwaruza kifuniko cha pipa.

Paka mafuta ya 8200 kidogo kwenye kamani, ufunge pipa. Kifuniko kiingie kwa mlio wa "tik" kote.

## Hatua ya 11: Rudisha magurudumu, na mafuta

Panga pipa na magurudumu, teremsha daraja bila kulikandamiza. Kwa kibano, sogeza kila gurudumu mpaka ncha yake ipate kito. Utaona daraja likishuka lenyewe. Tia skrubu bila kukaza, kisha zungusha pipa kidogo. Magurudumu yote yazunguke huru. Hapo ndipo ukaze, na ujaribu tena. Kukaza kabla ncha hazijaingia huzivunja.

Shika kila gurudumu kwa kibano na ulinyanyue: liwe na mchezo mdogo wa juu na chini. Lisilo na mchezo limebanwa.

Sasa mafuta. Kila kito kina kikombe kidogo kinachozunguka ncha. Gusa ndani yake kwa sindano, tone lishuke. Kwa lenzi, duara la mafuta lionekane likizunguka ncha, bila kujaza kikombe. Likimwagika nje ya kikombe, osha uanze upya. Mafuta yaliyomwagika huvuta na yaliyomo ndani, kito kikabaki kikavu.

- D5: ncha za pipa na za gurudumu la katikati, na ndani ya kibomba cha mshale wa dakika.
- 9010: gurudumu la tatu, la nne, gurudumu la kuachia, na vito vya mizani.
- Grisi ya saa: kilimi, ufito na sehemu za kubadilishia majira.
- Bila mafuta kabisa: meno ya magurudumu, ncha za mhimili wa uma, na springi ya mizani.

Kwa vito vya mizani, weka tone juu ya kile kito bapa kabla ya kukirudisha. Lifunike zaidi ya nusu ya uso wake, lisifike ukingoni.

## Hatua ya 12: Uma na mizani

Rudisha uma, kisha daraja lake. Tia ufunguo mizunguko michache tu. Sukuma uma kwa kijiti: uruke kwa kishindo kidogo kwenda ng'ambo na ubaki huko. Ukilegalega, kuna ukinzani kwenye magurudumu. Usiendelee kwa matumaini kwamba mizani itausaidia. Haitausaidia.

Pitisha 9415 kidogo mno kwenye uso wa kito cha uma cha kutokea, kile ambacho jino la gurudumu la kuachia hupitia likitoka. Sogeza uma huku na huku ili meno matano sita yapite, urudie mara mbili.

Mizani irudi na daraja lake, ukihakikisha kito chake cha chini kinaingia kati ya ncha mbili za uma. Kabla ya kukaza skrubu, mizani inapaswa kuwa imeanza kutembea. Ikianza yenyewe namna hiyo, umeshafika. Ikisimama ukikaza, legeza upesi: ncha haijaingia kwenye kito.

## Hatua ya 13: Pima

Saa nyingi za kizazi hiki hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde. Programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa zipo, na kipimo halisi cha mezani ni bora zaidi. Tia ufunguo hadi mwisho, subiri dakika 20, kisha pima uso ukiwa juu, ukiwa chini, na saa ikiwa imesimama wima.

Mzunguko wa mizani, yaani inavyokwenda upande mmoja kutoka mahali inapotulia, uwe nyuzi 250 hadi 300 saa ikilala, na hupungua saa ikisimama. Chini ya nyuzi 200 kuna uchafu, kamani imechoka, au mafuta yamezidi. Vipimo vingi huanza na pembe ya uma, yaani pembe ambayo mizani huzunguka ikiwa imegusana na uma, ya nyuzi 52. Kwa Unitas 6498 weka 44, la sivyo utasoma namba ya uongo.

Hitilafu ya pigo ikizidi milisekunde 1, tik na tak hazilingani. Zingatia mizunguko kwanza, na sekunde za kasi baadaye. Kusogeza mkono mdogo wa kurekebishia kasi, ulio kwenye daraja la mizani, kwenye saa yenye nyuzi 180 ni kupaka rangi ukuta unaoanguka. Saa ya miaka 60 ikibaki ndani ya sekunde 20 hadi 30 kwa siku, mimi huiacha.

## Hatua ya 14: Funga

Bandika mishale yote ikielekea 12, kisha izungushe saa 12 nzima uone haigusani wala haigusi kioo. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo hung'arishwa kwa Polywatch, dawa ya kung'arishia plastiki, na pamba. Kasha usilipige msasa. Kingo zake zikishalainika hazirudi.

Badilisha mpira wa mfuniko, na kama unaishi pwani na wa kichwa pia, ikiwa saa yako inao. Haidhuru mfuniko umeandikwa nini kuhusu maji: saa ya umri huu ivuliwe kabla ya kuosha vyombo na kabla ya udhu.

## Ikigoma baada ya kufungwa

Inatembea mezani, inasimama ndani ya kasha. Mishale inagusana, au ufito ni mrefu na unasukuma mashine.

Inakimbia dakika nyingi kwa siku. Sumaku, au mafuta kwenye springi ya mizani. Ondoa sumaku kwanza, kwani ni kazi ya sekunde chache.

Inatembea lakini mishale haisogei. Kibomba cha mshale wa dakika kimelegea. Hubanwa kidogo sana kwa kifaa chake. Mwachie fundi kama hujawahi.

Inasimama kila baada ya muda uleule. Kuna jino lenye uchafu au lililopinda. Hesabu muda huo: ikiwa ni kila saa moja, chunguza gurudumu la katikati; ikiwa ni kila dakika moja, chunguza gurudumu la nne.